Wati Zinazofia Njiani: Kebo, Viunganishi na Antena za Redio Masisi na Walikale

Chukua mtambo wa FM wa wati 100, ufunge kwenye kebo ya RG-58 yenye urefu wa mita 40, halafu ipandishe kebo hiyo hadi kwenye antena iliyo juu ya mlingoti wa mkaratusi. Kwenye megahezi 100, RG-58 inakula takriban desibeli 16 kwa kila mita 100. Kwa mita 40 ni desibeli 6.4, maana yake antena inapata wati 23 tu. Nyingine 77 zimegeuka joto ndani ya plastiki, na mafuta ya jenereta yamekwisha kulipiwa. Sasa acha kila kitu mahali pake, badilisha kebo peke yake. Ukiweka RG-213, ile nene ya milimita 10, antena inapata karibu wati 54. Ukiweka kebo ngumu ya nusu inchi, ile yenye ganda la shaba lenye mikunjo, zinafika kama wati 80. Mtambo ni uleule, betri ni zilezile, fundi ni yuleyule, lakini hewani inatoka nguvu mara tatu na nusu. Hesabu hii ndiyo msingi wa yote ninayotaka kuyasema: kwa mtu wa Masisi au Walikale anayejenga kituo cha redio, iwe redio ya jamii, foni (redio ya kuitana kwa sauti) ya kituo cha afya au redio ya kuongea na rubani, pesa ya kwanza iende nje ya nyumba, kwenye antena, kebo, viunganishi na waya wa ardhini. Sanduku lenye vifungo na taa linunuliwe mwisho, kwa pesa itakayobaki.

Wenzetu wanaojijengea ndege ndogo wenyewe, wengi wao Marekani na Ulaya, walilijua hili zamani. Redio ya ndege haina wati nyingi, na nafasi ya kuongeza haipo, kwa hiyo mabishano yao yote yako kwenye kebo na antena. Wanaipenda RG-400 badala ya RG-58 ingawa unene unakaribiana na upotevu nao unakaribiana. Sababu ni kwamba plastiki ya ndani ya RG-58 inalainika joto likipita nyuzi 80, wakati teflon ya RG-400 inavumilia hadi 200, na wavu wake wa shaba ni wa tabaka mbili. Wanapenda pia kiunganishi cha BNC kwa sababu kinajifunga kwa robo mzunguko na mtikisiko haukilegezi. Huku kwetu hakuna anayejenga ndege, lakini zipo ndege ndogo zinazotua mahali pasipo na mnara wa kuongozea. Miaka ya 2000 zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, Walikale, kuchukua kasiteriti ya Bisie. Mtu aliye chini anayetaka kumwambia rubani kwamba kuna ng'ombe uwanjani anatumia masafa yaleyale, megahezi 118 hadi 137. Cha kuazima kwa wajenzi wa ndege ni nidhamu yao. RG-400 yenyewe ni ghali na kwenye mlingoti haikupi faida yoyote. Kinachokuua pale juu ni maji, na joto la injini halipo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wenye vituo: kama wati zinapotea, si tununue mtambo mkubwa zaidi? Tufanye hesabu. Ili antena ipate wati 80 kupitia mita 40 za RG-58, utahitaji mtambo wa wati 350, na mtambo huo utanyonya umeme wa wati 500 na zaidi kila dakika uko hewani. Mahali ambapo umeme ni paneli za jua na betri za gari, na mafuta yanafika kwa madumu mgongoni mwa pikipiki, hilo ni deni la kila siku. Kebo nzuri unailipa mara moja, wala hainywi mafuta. Na kuna jambo ambalo wati haziwezi kulirekebisha kabisa. Kebo inakula njia zote mbili. Ishara dhaifu ya rubani au ya redio ya mkononi iliyoko ng'ambo ya bonde nayo inapoteza robo tatu yake ikishuka kwenye kebo mbovu, na hakuna mtambo mkubwa unaomsaidia mtu asikie. Kituo cha VHF, yaani masafa kama hayo ya ndege, chenye wati nyingi na kebo mbaya ni sawa na mtu mwenye sauti kubwa aliyeziba masikio: anapiga kelele, wenzake wanamjibu, yeye anadhani hawapo.

Hata hivyo nisiielemee RG-58 kupita haki yake, maana upotevu unafuata masafa. Foni ya kituo cha afya inayofanya kazi kwenye HF, yaani masafa ya chini zaidi, tuseme megahezi 7, ikitumia mita 20 za RG-58 inapoteza chini ya desibeli 1. Katika wati 100, zaidi ya 80 zinafika juu. Hapo kebo nyembamba inatosha, mradi iwe ya kweli na iwe kavu, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye kamba, puli na waya wa ardhini. Redio ya ndege kwenye megahezi 127 ikiwa na mita 10 za RG-58 inapeleka juu theluthi mbili ya nguvu yake. Inavumilika, lakini RG-213 ingepeleka zaidi ya wati 8 katika kila 10. Redio ya FM yenye mlingoti mrefu ndiyo isiyo na msamaha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize maswali mawili: nitatumia megahezi ngapi, na kutoka mtambo hadi antena ni mita ngapi? Mara nyingi dawa ya bei rahisi ni kuufupisha urefu wenyewe, kwa kukijenga kibanda cha mtambo chini kabisa ya mlingoti na kuacha studio ikae mbali.

Pingamizi la pili ni kebo ya televisheni. Inapatikana kila duka, ni rahisi, na wapo mafundi wanaoapa kwamba inafanya kazi. Wana sehemu ya haki. RG-6 ni ya omu 75 na mitambo yetu ni ya omu 50, lakini tofauti hiyo inarudisha nyuma asilimia 4 tu ya nguvu, kiasi ambacho hakuna sikio linaloweza kukitambua. Tena RG-6 nzuri inapoteza kidogo kuliko RG-58. Tatizo liko kwenye maumbile yake. Wavu wake kwa kawaida ni wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kulehemu. Waya wa katikati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Plastiki yake ya ndani ni ya povu, inayobonyea ukiikunja kwa nguvu. Kiunganishi chake kimetengenezwa kwa ajili ya kupokea picha sebuleni. Kuilazimisha RG-6 ishike kwenye kiunganishi cha PL-259 kwa kusokota na kufunga skochi ni kuandaa hitilafu itakayotokea usiku wa mvua. Kwa kipokezi cha ndani itumie bila hofu. Kwenye mlingoti wa Walikale, hapana.

Ukifika Goma, kwenye maduka ya Birere, usinunue jina lililoandikwa ubavuni mwa kebo, kwa sababu wino hauna gharama. Nenda na vitu viwili: wembe, na sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Omba ukate sentimita tano za mwisho wa kebo. Gusisha sumaku kwenye waya wa katikati. Ikivuta, ndani mna chuma, umeuziwa kebo ya picha. Isipovuta, kwaruza waya kwa wembe, maana alumini iliyopakwa shaba nayo haivutwi na sumaku: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Lakini jihadhari na RG-58 halisi, ambayo nyuzi zake zimepakwa bati na zinaonekana nyeupe juu. Hapo ukikwaruza, wekundu wa shaba ndio unaotokea chini. Hesabu nyuzi hizo: RG-58 C/U inazo 19 nyembamba, RG-213 inazo 7 nene. Kisha rudisha ganda nyuma utazame wavu. Wavu mzuri umebanana hata plastiki ya chini inaonekana kwa shida. Wavu wa wizi una matundu kama chandarua kilichochakaa, na kila tundu ni mlango wa nguvu kutokea na kelele za kibadilishi cha umeme wa jua kuingilia. Muuzaji akikataa usikate sentimita tano, amekwisha kukujibu. Kebo ngumu ya nusu inchi ina sharti lake jingine: haikunjwi kama kamba. Ikivunjika mikunjo yake njiani imekufa, kwa hiyo isafiri ikiwa duara pana, si kubanwa katikati ya magunia juu ya pikipiki inayopanda kutoka Sake kuelekea Masisi.

Nimeanza na kebo, lakini kinachokufa kwanza kwa kawaida ni kiunganishi, na muuaji wake ni maji. PL-259 imeenea kila mahali, na kwa HF inatosha, ila haizuii maji hata kidogo. Kiunganishi cha N kina mpira wake ndani na kinafaa zaidi juu ya mlingoti wa FM au wa redio ya ndege. BNC iwe ya ndani ya chumba, mahali unapofungua na kufunga kila siku. Maji yakishaingia kwenye ncha hayakai hapo. Wavu wa shaba unayanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, yanashuka ndani ya ganda mita baada ya mita. Ukichana ganda la kebo iliyokunywa, unakuta shaba imekuwa nyeusi, pengine ina unga wa kijani, na harufu ya kutu. Kebo hiyo haikaushwi. Unakata sentimita 20, unatazama. Unakata nyingine, unatazama. Hadi ufikie shaba inayong'aa. Wakati mwingine hufiki. Ndiyo maana katika msitu wa Walikale, ambako nguo zilizoanikwa chini ya paa hulala mbichi, napendekeza kebo yenye plastiki ngumu ya ndani badala ya povu, na ganda jeusi lililo nene.

Kazi ya kuziba ifanywe juani, ncha zikiwa kavu kabisa. Lehemu wavu kwa PL-259 kupitia matundu yake manne, usiache hata moja, na tumia chuma cha kulehemu chenye joto la kutosha ili risasi itiririke upesi kabla plastiki haijayeyuka. Kaza kiunganishi. Zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta hadi ipungue upana, kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini kama nyasi za paa zinavyolaliana. Juu yake weka tepu ya umeme, na mwisho kabisa kanda za mpira wa ndani wa gurudumu, zilezile zinazofungia mizigo kwenye chukudu. Mpira huo peke yake hauzuii maji, lakini unavumilia jua, na jua ndilo linalopasua tepu. Kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba, ishushe chini ya tundu la ukuta kisha ipande tena kuingia. Tone la maji litafika pale chini lidondoke, halitapanda kwenda mezani.

Kuhusu antena, ardhi yenyewe ndiyo inayoamua. Vilima vya Masisi vinapita mita 2,000, na mawimbi ya VHF hayapiti ndani ya kilima. Mlingoti wa mita 25 kwenye uwanda mtupu unafikisha redio kama kilomita 20; antena ileile ikisimama juu ya kilima kilichozidi mazingira yake kwa mita 400, upeo unafika kilomita 80, kama hakuna kilima kingine mbele. Kwa FM, basi, panda mlima kabla ya kupandisha wati. Kwa foni ya HF ni kinyume kabisa. Kutoka Walikale hadi Goma ni kilomita kama 130 kwa mstari wa ndege, na antena ya fimbo iliyosimama wima ndiyo chaguo baya kuliko yote: mawimbi yake yanayotambaa chini yanamezwa na msitu, na yale yanayoenda angani yanatua mbali, yakikuruka wewe na jirani yako. Waya uliolazwa, dipoli ya mita 20.4 kwa megahezi 7, ukifungwa kwenye miti miwili mita 5 hadi 8 tu kutoka ardhini, unarusha mawimbi moja kwa moja juu; yanarudi kama maji ya bomba la bustani lililoelekezwa angani, yakilowesha eneo lote la kilomita 300 kuzunguka, mabonde na vilima pamoja. Watu wengi wanaihukumu antena hii kwa udogo wa urefu wake kutoka ardhini, wanahangaika kuipandisha. Iacheni chini. Usiku ukiingia shukeni megahezi 3 hadi 5 kwa waya mrefu zaidi, mkigawanya 142.5 kwa megahezi mpate urefu wake kwa mita. Pale kebo inapokutana na waya, viringisha kebo yenyewe mizunguko minane au kumi yenye upana wa sahani, ili ganda lake lisigeuke kuwa sehemu ya antena na kukuchoma midomo kwenye kipaza sauti.

Antena ya kuongea na ndege haihitaji duka. Chukua soketi ya PL-259, ile ya mraba yenye matundu manne ya skrubu. Katikati lehemu fimbo ya shaba ya sentimita 56. Kwenye matundu manne funga fimbo nne za urefu huohuo, kisha zikunje zote zielekee chini nusu ya pembe mraba. Zikilala sawasawa na ardhi, antena ina omu kama 36. Zikishuka hivyo inakaribia 50, na mtambo unaridhika. Fimbo nne hizo ni nusu ya antena, ingawa wengi wanazidhani ni pambo. Anayejenga ndege ya mbao au ya nyuzi za kioo anajua: bila bati la chini, antena yake haina mguu wa kusimamia.

Sasa niitaje mita ya ROS, ambayo wengine wanaiita SWR, ile inayopima nguvu inayorudishwa na antena, kwa sababu inaaminiwa kuliko inavyostahili. Rudi kwenye zile mita 40 za RG-58. Zifungue juu, ondoa antena kabisa, acha ncha ikiwa tupu. Nguvu inapanda ikipoteza desibeli 6.4, inagonga ukuta, inarudi yote, inapoteza 6.4 nyingine. Mita iliyo mezani itakuonyesha takriban 1.6, namba ambayo fundi yeyote angeipongeza, na hakuna antena! Kebo mbovu inaficha ubovu wa antena. Kwa hiyo ROS nzuri iliyopimwa chini si ushahidi. Pima juu, kwa kipande kifupi cha kebo kati ya mita na antena, kisha pima chini. Na ROS ikiwa nzuri ghafla baada ya mvua kubwa, kuliko ilivyokuwa jana, usifurahi: kebo imekunywa maji.

Yapo mapingamizi mawili ya nje ya ufundi. La kwanza ni simu: kwa nini kuhangaika wakati watu wana WhatsApp? Simu ikishika, itumieni. Lakini mnara wa simu unahitaji mafuta na fundi wa kuufikia, na vita vikipamba moto mtandao ndio unaozimika mapema, wakati uleule ambapo muuguzi wa zahanati anahitaji kuuliza hospitali ya Masisi kama kuna damu. La pili ni kwamba antena inavuta macho ya wenye silaha. Hofu hiyo ni ya kweli na siichezei. Kituo kiwe na kibali cha mamlaka ya mawasiliano, nakala yake ibandikwe ukutani, na wazee wa kijiji pamoja na chifu wajue kazi yake tangu siku mlingoti unapochimbiwa. Dipoli ya chini, mbali na ubora wake wa kitaalamu, haionekani kwa mbali kama mlingoti.

Adui mkubwa zaidi yuko mawinguni. Utafiti wa satelaiti wa miaka 16 uliochapishwa 2016 ulizipanga sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ya pili ilikuwa Kabare, Kivu Kusini. Ya tano ilikuwa Sake, katika eneo letu la Masisi: mimweko 143 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Anayejenga kituo hapo bila waya wa ardhini anajenga kwa mkopo. Hakuna kifaa kinachozuia radi inayopiga antena moja kwa moja, lakini kwa kila inayopiga hivyo kuna nyingi zinazopiga karibu na kupitisha mshtuko kwenye kebo, na hizo zinazuilika. Mlingoti wa chuma uwe na waya wake mnene unaoshuka wima bila kona kali. Ganda la kebo liunganishwe nao pale chini, kabla ya ukuta. Na ardhi hiyo ifungwe pamoja na ardhi ya betri na paneli, ziwe moja. Kuzunguka Sake, ambako lava ya volkano ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 ilifika hadi ziwani, huwezi kupigilia fimbo ya mita mbili, mwamba haukubali. Tandaza nyaya nne au sita za shaba, kila moja mita 10 au zaidi, kwenye udongo wowote wa bustani uliopo, zikielekea pande tofauti. Usimwage chumvi, inakula shaba.

Mtu wa mwisho kutoka jioni aifungue kebo kwenye mtambo na kuifunga kwenye bamba la ardhini lililo nje ya ukuta, asiiache imelala mezani kando ya redio. Na siku antena inapokamilika, andikeni ROS iliyopimwa juu na ile iliyopimwa chini kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kabati la betri, pamoja na tarehe. Mvua za Septemba zikianza, pimeni tena. Namba ikiwa imesogea, kwa kupanda au kwa kushuka, msiguse mtambo. Mtu apande mlingoti na wembe, aanze na kiunganishi cha juu kabisa.